Afya ya Akili: Kisichotajwa Kwenye Bajeti Hakipati Pesa



Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2022 yanazitaka kaunti kupeleka huduma hizo hadi mashinani. Lakini sheria hainunui dawa. Pesa ndizo hununua.

Kifungu cha 202 cha Katiba kinaruhusu kaunti kuongezewa pesa kutoka mgao wa Serikali ya Kitaifa, kwa masharti au bila masharti. Ruzuku yenye masharti hufanya kazi iliyotajwa pekee. Iliyotolewa kwa mitambo ya hospitali haiwezi kumlipa mshauri nasaha wa zahanati.

Ndiyo maana afya ya akili haina budi kutajwa kwa jina katika mpango wa maendeleo wa kila mwaka, unaofikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1, kisha itengewe fungu lake katika makadirio ya bajeti, kufikia Aprili 30. Isipotajwa, mgonjwa aliyeruhusiwa kutoka hospitali kuu akiwa na nafuu hukosa dawa karibu na kwao. Nauli humshinda, na maradhi humrudia.

Mhudumu wa afya ya jamii huenda nyumba hadi nyumba. Akimtambua mgonjwa, lazima pawe na mahali pa kumpeleka.

Katika vikao vya maoni ya bajeti, wananchi huomba barabara na maji, na hawakosei. Waombe pia dawa hizi katika zahanati ya wadi yao, na wahakikishe ombi limeandikwa.