Mizani Haisemi Yote
Hotuba iliyotolewa katika maadhimisho ya hekalu letu



Nimeombwa nizungumzie afya ya watoto. Mimi si tabibu. Nimeuza vitambaa kwa zaidi ya miaka 40, na masomo yangu yalikomea kidato cha nne. Lakini yaliyonifika yamenifundisha. Tangu ujana wangu sikupata kuzidi kilo 62, na nikijivunia wembamba huo. Nilipotimiza miaka 54 moyo ulinishika dukani. Daktari akaniambia kuwa mishipa imeziba kwa lehemu, na kwamba maradhi haya huanza polepole tangu utotoni, pasipo maumivu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma. Watafiti waliwapima watoto wachanga wa vijiji vya karibu na Pune, India, wakawalinganisha na wa Southampton, Uingereza. Wa Pune walikuwa na wastani wa kilo 2.7, wa Southampton, kilo 3.5. Hata hivyo, misuli ndiyo iliyokuwa imepungua sana. Mafuta ya chini ya ngozi ya mgongoni hayakupungua kwa kiasi hicho. Huko Uingereza imeonekana pia kuwa, kwa watoto wenye urefu na uzito sawa, wenye asili ya Asia Kusini huwa na mafuta mengi mwilini kuliko wenye asili ya Ulaya, na wenye asili ya Afrika huwa nayo machache zaidi.

Majirani zetu wasidhani kuwa haya hayawahusu. Mtoto wa kila taifa kwa kawaida huzaliwa na lehemu kidogo. Wako wanaorithi tatizo, lakini chakula kina nguvu kubwa: watoto wa Finland, waliolelewa kwa siagi na maziwa mazito, walikuwa na lehemu nyingi kuliko watoto wa Afrika Magharibi. Leo chipsi na soda zimefika kila mtaa.

Mwaka jana mjukuu wangu wa miaka tisa, mwembamba kama babu yake, alipimwa damu. Lehemu ikaonekana imepanda. Bibi yake alilia. Kila mlo alikuwa akimwongezea samli, akidhani mtoto amekonda. Sikumlaumu, kwani samli ile ilikuwa mapenzi. Sasa chapati zapakwa samli kidogo, jalebi na ganthia ni za sikukuu, na jioni mimi na mjukuu wangu hutembea hadi ufukweni na kurudi.

Ombi langu kwa kamati ni hili: baada ya darasa la Jumapili watoto wapewe ndizi, machungwa na dengu za kuchemsha badala ya vya kukaanga, na uwanja wa nyuma, tunaoegesha magari, uachwe wazi wacheze, wetu pamoja na wa majirani. Prasadi ibaki, kipande kidogo chatosha, kwani baraka haipimwi kwa kilo.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.