Mkutano Usitegemee Mtu Mmoja



Tarehe 4 Julai 1990, Kenneth Matiba na Charles Rubia walitiwa kizuizini, siku tatu kabla ya mkutano waliouitisha uwanjani Kamukunji, Nairobi. Serikali ilidhani imekata shina. Lakini siku ya Saba Saba umati ulijitokeza. Polisi wakautawanya kwa nguvu, na damu ikamwagika.

Hapo twajifunza kwamba wito uliowafikia watu hauzimwi kwa kuwakamata viongozi. Bali umati usio na wa kuuelekeza huachwa bila kinga.

Basi tugawane kazi mapema. Mmoja wetu apeleke taarifa kwa mkuu wa kituo cha polisi, siku zisizopungua 3 wala kuzidi 14 kabla ya mkutano, kama sheria iagizavyo tangu masharti ya leseni yaondolewe mwaka 1997. Wengine washike vipaza sauti, huduma ya kwanza, na kuwaonyesha watu njia za kutokea. Kila mmoja awe na naibu aijuaye kazi yake.

Katiba ya 2010, kifungu cha 37, yatulinda tukikusanyika kwa amani, bila silaha. Kidole kimoja hakivunji chawa.