98 kwa Mia ya Watu Gani?

Natumaini mmekwisha kuketi na madaftari yako mbele yenu. Juma lililopita tulijifunza maana ya "kwa mia". Tulisema mkulima akipanda mbegu 100, zikaota 90, basi zimeota 90 kwa mia. Leo tutaitumia hesabu hiyo katika jambo la fedha na la watoto wetu.

Nimeletewa barua na mama mmoja wa darasa la jioni. Ameiandika kwa mkono wake mwenyewe, nami nampongeza. Mwanawe ana shahada ya kompyuta. Wakala mmoja amemwambia kijana kwamba Marekani huwakubali watu 98 kwa mia wanaoombewa viza ya wafanyakazi wenye ujuzi, ile iitwayo H-1B. Ila atoe fedha kwanza. Mama anauliza, "Je, niuze shamba?"

Mwalimu, tafadhali andika 98 ubaoni.

Hesabu hiyo si ya uongo. Katika mwaka wa fedha wa 2022, maombi ya kazi mpya yaliyokataliwa yalikuwa kama 2 kwa mia. Yaliyobaki ni 98. Lakini mtu akikutajia "kwa mia", muulize: mia ya watu gani?

Sikilizeni vizuri. Viza hii ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1990. Anayepeleka maombi si kijana, wala si wakala. Ni mwajiri aliyeko Marekani, naye lazima aonyeshe kwamba kazi yenyewe yahitaji mtu mwenye shahada. Nafasi mpya kwa mwaka ni 85,000: yaani 65,000 za watu wote, na 20,000 za wale waliopata shahada ya juu katika vyuo vya Marekani. (Wanaoajiriwa na vyuo vikuu hawamo katika idadi hiyo.) Majina yakizidi nafasi, serikali huchagua kwa kura.

Andikeni: Machi 2025, majina yaliyostahili yalikuwa 343,981. Yaliyochaguliwa mara hiyo yalikuwa 120,141. Ngojeni kidogo, mwandike. Sasa gawanyeni. Mtapata karibu 35 kwa mia.

Je, wale 65 waliobaki walikataliwa? La. Hawakuandikwa popote kuwa wamekataliwa, kwa sababu maombi yao hayakusomwa kabisa. Ile 98 ya wakala ni 98 ya maombi yaliyofika mezani. Ni kama kusema kwamba abiria wote waliopanda basi walifika mjini, bila kuwataja walioachwa kituoni.

Tuendelee. Hata mezani mambo hayakuwa sawa kila mwaka. Mwalimu, chora safu mbili, moja ya mwaka na moja ya waliokataliwa. Mwaka 2015, 6 kwa mia. Mwaka 2018, 24. Mwaka 2019, 21. Mwaka 2020, 13. Mwaka 2021, 4. Mwaka 2022, 2. Hiyo ni miaka ya fedha ya serikali ya Marekani, ambayo huanza mwezi wa Oktoba.

Mtu ataona safu hiyo na kusema kwamba vijana wa 2018 walikuwa hawana elimu. Sivyo. Bunge la Marekani halikubadili sheria ile katikati ya miaka hiyo. Kilichobadilika ni jinsi maofisa walivyoagizwa kuisoma. Aprili 2017 Rais Donald Trump alitoa amri ya kuwapa Wamarekani kazi kwanza. Baadaye maofisa wakaanza kudai ushahidi mwingi zaidi. Oktoba 2017 wakaambiwa wasitegemee tena idhini iliyotolewa zamani. Basi hata mtu aliyekwisha kukaa huko miaka mitatu, kazi ile ile, mwajiri yule yule, akitaka kuongezewa muda alichunguzwa upya. Waliokataliwa katika maombi ya namna hiyo walipanda kutoka 3 kwa mia mwaka 2015 hadi 12 mwaka 2018. Huyo alikuwa na nyumba kule, na watoto shuleni!

Makampuni yalikwenda mahakamani. Machi 2020 mahakama ya Washington ilitoa hukumu dhidi ya serikali, na Juni mwaka huo huo maagizo kadhaa yakafutwa. Ndipo hesabu ikashuka.

Septemba 2025 Rais Trump, akiwa amerudi madarakani, alitoa amri ya miezi 12 kwamba maombi mapya ya watu walio nje ya Marekani yalipiwe dola 100,000, nayo alipe mwajiri. Hiyo haimo katika safu yetu. Mwajiri asiyeweza kulipa hapeleki maombi, na asiyepeleka hakataliwi.

Tena, maombi ya mwajiri yakikubaliwa, kijana bado hana viza. Atakwenda kuhojiwa katika ubalozi wa Marekani, Nairobi au Dar es Salaam, na huko pia yuko ofisa mwenye uwezo wa kukataa.

Mama, nimeisoma barua yako mara mbili. Wakala hakumtaja mwajiri. Basi kijana amwulize: mwajiri ni nani, yuko mji gani, na kazi ni ipi? Akishalipata jina, amwandikie mwajiri huyo mwenyewe, si kwa anwani aliyopewa na wakala. Kama hakuna mwajiri, hakuna maombi, na mwanao hamo katika 98 wala katika 2. Shamba usiuze.

Kazi ya nyumbani: kwa kura ya mwaka 2023, majina yaliyostahili yalikuwa 758,994, na yaliyochaguliwa 188,400. Ni wangapi kwa mia? Jibu tutalisahihisha juma lijalo, saa hizi hizi. Kwa herini.