Mapatano ya Mabaraza na Serikali, na Nafasi ya Raia Ndani Yake

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, na kuchapishwa katika Taarifa hii kwa agizo la Halmashauri ya Chama)



Jambo tuliloagizwa kulieleza ni mapatano yafanywayo baina ya mabaraza ya mahali na Serikali Kuu, ambayo kwayo baraza huahidi kuboresha huduma fulani, kwa kipimo kinachojulikana na kwa muda uliowekwa, na Serikali nayo huahidi fedha. Huenda mtu akadhani hayo ni mambo ya makarani na wahasibu, wala hayamhusu mwanachama wa chama cha ustawi. Sisi twasema yamhusu sana. Anayenufaika au kuumia kwa mapatano hayo aghalabu si yule aliyetia sahihi. Ni mama aliyefika zahanati na mtoto mgonjwa akaambiwa dawa zimekwisha, na mkulima ambaye mazao yake yameoza kwa kuwa mvua imeikata barabara.

Tuanze na habari za nchi yetu wenyewe. Katika mwaka wa 1969 ilipitishwa sheria iliyoondoa elimu ya msingi, afya na barabara mikononi mwa mabaraza ya kaunti, ikazitia mikononi mwa Serikali Kuu. Tangu hapo mabaraza hayo yalibaki na jina kubwa na mfuko mdogo. Miaka karibu 30 ikapita, ndipo mwaka wa 1998 Bunge likapitisha sheria ya kuanzisha hazina ya kuyagawia mabaraza fedha, ambayo watu wengi waliijua kwa herufi zake, LATF. Kuanzia mwaka wa 1999 asilimia 5 ya kodi ya mapato ya nchi iligawanywa kwa mabaraza yote, yaliyofikia idadi ya 175, na fungu kubwa la fedha hizo liligawanywa kwa kufuata wingi wa watu.

Fedha hizo hazikutolewa bure. Asilimia 60 ya mgao wa baraza ilifuata makadirio yake ya mapato na matumizi yaliyopitishwa ipasavyo. Asilimia 40 iliyobaki iliitwa fungu la utendaji, na ili kuipata baraza lilipaswa kuleta hesabu zake kwa wakati, kutaja madeni yake, na kuonyesha mpango wa kuongeza mapato. Tena, kuanzia mwaka wa 2001, baraza lilitakiwa kuwa na mpango wa huduma uliotungwa pamoja na wakazi na washirika wa mahali, yaani mpango wa LASDAP. Watu waliitwa kata kwa kata wataje haja zao, kisha wajumbe wakakutana kukubaliana juu ya kazi zitakazofanywa.

Hapana budi kukiri kwamba masharti hayo yalileta nidhamu. Baraza lililozoea kukaa miaka bila kufunga vitabu vyake lilijifunza kwamba kalenda ina meno. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari lilipata mlinzi.

Lakini tuitazame adhabu yenyewe. Baraza lililochelewa lilikatwa sehemu ya fungu la utendaji, na lililochelewa kupita siku 60 lilipoteza fungu hilo lote. Tufanye mfano: baraza lenye mgao wa shilingi 10,000,000 lingekosa shilingi 4,000,000. Je, nani aliyekosa? Mhasibu mvivu alipokea mshahara wake. Diwani alipokea posho yake. Aliyekosa ni mkazi ambaye kisima chake kilikuwa katika orodha ya mwaka ule, naye hakuwa na habari kwamba kuna hesabu iliyochelewa. Mapatano yalikuwa ya watu wawili, na faini ikalipwa na mtu wa tatu.

Katika mwaka wa 2004 Serikali ilianza mikataba ya utendaji kazi, kwanza na mashirika 16 ya umma, na baadaye ikaitandaza hadi kwenye wizara na mabaraza ya miji na wilaya. Kila aliyetia sahihi alitaja shabaha zake za mwaka, na mwisho wa mwaka akapewa daraja, toka bora kabisa hadi hafifu. Umoja wa Mataifa uliitunukia Kenya kwa kazi hiyo mwaka wa 2007. Hata hivyo watu wengi waliokuwa wakihudumiwa na mabaraza hawakupata kuuona mkataba wa baraza lao kwa macho yao, wala hawakujua lilikuwa limeahidi nini.

Sasa na tuvuke bahari kidogo, kwa kuwa Uingereza nayo ilijaribu njia kama hii katika miaka ile ile, na mwenye busara hujifunza kwa jirani. Kuanzia mwaka wa 2000 Serikali ya Uingereza ilipatana na mabaraza ya England, kwanza yapata 20 na baadaye mengine. Kila baraza lilichukua shabaha kama 12 za kutimizwa kwa muda wa miaka 3, nazo zilikuwa ngumu kupita kawaida. Lililofaulu liliahidiwa zawadi iliyoweza kufikia asilimia 2.5 ya makadirio yake ya mwaka mmoja; basi baraza lenye makadirio ya pauni milioni 200 lingeweza kupata hadi pauni milioni 5. Kule, basi, njia ilikuwa ya kutunza zaidi kuliko kukata.

Mwaka wa 2005 wakaanza mapatano mapana zaidi, ya eneo zima. Baraza halikukaa peke yake mezani, bali pamoja na polisi, wakuu wa afya na vyama vya hiari. Maeneo 21 yalitangulia, na kufikia mwaka wa 2007 yakawa kama 150, yaani England yote. Sheria ya mwaka huo iliwalazimisha washirika waliotajwa kushirikiana katika kuweka shabaha. Mwaka uliofuata kila eneo lilichagua shabaha zisizozidi 35, mbali na zile za elimu zilizowekwa kwa sheria, kutoka katika orodha ya vipimo 198 iliyotungwa na Serikali. Kisha, mwaka wa 2010, Serikali mpya ikaingia madarakani, na kabla mwaka haujaisha ikatangaza kwamba mapatano hayo yamekwisha.

Twajifunza nini? Kwamba jengo lenye nguzo moja huanguka nguzo hiyo ikiondolewa. Hesabu za mapatano yale zilikuwa zikipanda juu, toka eneo hadi Serikali. Basi Serikali ilipoacha kuuliza, hapakuwa na lazima tena ya kujibu.

Nchi hiyo hiyo yatufundisha jambo jingine, juu ya vipimo vyenyewe. Magari ya wagonjwa yaliwekewa shabaha kwamba asilimia 75 ya miito ya hatari iwe imefikiwa ndani ya dakika 8. Wataalamu walipochungua daftari za baadhi ya vituo wakaona jambo la ajabu: safari nyingi mno zilikuwa zimeandikwa kufika kabla tu ya dakika ya 8 kutimia, na chache mno mara baada yake. Kalamu ilikuwa imekwenda mbio kuliko gari. Mtu akihukumiwa kwa tarakimu, tarakimu itapendeza, iwe mgonjwa amefikiwa au hakufikiwa.

Ndugu wanachama, twaweza sasa kusema lile tulilokusudia. Mapatano ya baraza na Serikali huwafaa watu pale tu watu wenyewe wanapokuwa upande wa tatu wa mapatano hayo, wenye nakala ya maandishi na wenye kipimo chao mkononi. Bila hivyo huwa ni barua baina ya ofisi mbili.

Leo mabaraza yale 175 hayapo tena. Kufuatana na Katiba ya 2010, nafasi yao ilichukuliwa na serikali za kaunti 47 baada ya uchaguzi wa Machi 2013, na kazi nyingi za afya, maji na barabara za mashambani zimerudi karibu nasi. Sheria nazo zimetufungulia milango ambayo baba zetu hawakuwa nayo.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 yaiagiza kila kaunti iwe na mpango wa kusimamia utendaji kazi, wenye vipimo vinavyohesabika na vyenye muda, na yataka wananchi washiriki katika kuutathmini. Taarifa ya utendaji ya kila mwaka hupelekwa na Gavana mbele ya Bunge la Kaunti, nayo ni hati ya watu wote. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka huo huo yaanzisha Jukwaa la Bajeti na Uchumi la Kaunti. Ndani yake, Gavana na mawaziri wake hukaa pamoja na watu wasio maofisa wa kaunti, wa idadi iliyo sawa na ya mawaziri hao, waliopendekezwa na mashirika ya wataalamu, wafanya biashara, wafanya kazi, wanawake, walemavu, wazee na watu wa dini. Tena Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 yampa raia haki ya kuomba hati, na ofisi yapaswa kumjibu katika muda usiozidi siku 21.

Milango iko wazi, lakini mlango haumvuti mtu ndani. Asiyekuwapo na lake halipo. Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu kwa Chama.

La kwanza ni kuwapo wakati shabaha inapochaguliwa. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hupelekwa mbele ya Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Anayengoja hadi makadirio yasomwe mwezi wa Juni amefika karamuni vyombo vikioshwa. Yafaa tawi lolote la Chama likutane mapema, liandike haja zake tatu kwa mpangilio, na kuzipeleka kwa maandishi, ofisi ikigonga muhuri katika nakala yetu.

La pili ni kuuliza juu ya kipimo. Tukiambiwa visima 10 vitachimbwa, tuulize: maji yatatoka siku ngapi katika mwezi? Tukiambiwa zahanati itajengwa, tuulize: muuguzi atakuwapo siku ngapi, na dawa zitadumu wiki ngapi? Tukiambiwa barabara itachongwa, tuulize kama gari litapita baada ya mvua za masika. Jengo laweza kufunguliwa kwa ngoma na kubaki tupu. Lakini maji ama yatoka ama hayatoki, na hilo hata mtoto aweza kulishuhudia.

La tatu ni kuweka daftari letu wenyewe. Tawi lichague watu wawili waaminifu, waandike kila juma yale waliyoyaona: bomba lilitoa maji au halikutoa, dawa zilikuwapo au hazikuwapo. Taarifa ya kaunti itakapotoka, tuiweke kando ya daftari letu. Zikipatana, tutawapongeza maofisa kwa moyo mweupe, kwani nao huchoka kwa kulaumiwa bila kusifiwa. Zisipopatana, tutauliza kwa adabu, tarehe zikiwa mkononi. Swali lenye tarehe ni vigumu kulipuuza.

Wala asiseme mtu kwamba kazi hii ni ya wasomi. Kuhesabu siku ambazo bomba limekauka hakuhitaji shahada. Kwahitaji subira, kalamu, na watu wasioogopa wala kupendelea.

Ahadi ni deni, nasi twajua kwamba mdai asiyejua kiasi cha deni lake hulipwa anachopewa. Na Chama chetu kikijue kiasi hicho, kikiandike, na kukidai kwa heshima mwaka hadi mwaka, Serikali zikija na zikienda.

Kwa maneno hayo, Bwana Mwenyekiti, twaomba mkutano uyafikirie mapendekezo haya matatu.