Fundi wa Taka Naye ni Mbunifu



Kutoka Shinyanga hadi Geita, tairi kuukuu halitupwi. Fundi hulikata likawa makatambuga. Kopo la mafuta huwa koroboi, bati la pipa huwa jiko la mkaa. Mimi namwita fundi huyo mbunifu, ingawa hana cheti ukutani. Tangu Serikali ipige marufuku mifuko ya plastiki Juni 1, 2019, tumezungumza mengi juu ya taka, lakini yeye tumemsahau.

Hata hivyo, si kila taka ni mali. Pipa lililobeba sianidi ya kuchenjulia dhahabu lisiwekwe maji ya kunywa, hata likioshwa mara saba. Halmashauri zimpe fundi eneo na mafunzo. Nao wenye machimbo wayaponde mapipa hayo kabla hayajafika sokoni.