Mbweha wa Stratford na jicho la serikali

Msikilizaji aliyepata kuishi Stratford, mashariki mwa London, anaijua sauti ya mbweha usiku. Ni ukelele mkali, kama wa mtoto aliyeumizwa, na mgeni aliyewasili juzi kutoka Mombasa au Kigoma huamka akidhani jirani amevamiwa. Mbweha hawa wekundu hupita kando ya reli, hupekua mifuko ya taka na huzaa chini ya vibanda vya bustani.

Mwezi Juni 2010, katika eneo jirani la Hackney, mbweha aliingia ndani ya nyumba na kuwajeruhi watoto wachanga mapacha. Wengi wakataka mbweha wa jiji wauawe. Likazuka swali ambalo hadi leo halijazeeka: huyo atakayeua, nani atamwangalia?

Jibu la sheria lina ajabu yake. Mwenye bustani hahitaji kibali cha serikali ili amuue mbweha. Kinachodhibitiwa ni namna ya kuua, si idadi. Sumu na gesi ni marufuku. Mitego ya kitanzi inayojikaza yenyewe ilikatazwa na sheria ya 1981, na sheria ya 1996 inamwadhibu anayempiga, kumchoma moto au kumzamisha mnyama wa porini kwa nia ya kumtesa. Haya yote ni mema katika karatasi. Lakini ua wa nyuma ya nyumba hauna mkaguzi, wala hakuna daftari la serikali linaloandika wamekufa wangapi. Na hapo hapo Stratford, kabla ya kujengwa viwanja vya Olimpiki ya 2012, salamanda wadogo zaidi ya 4,000 walikusanywa na kuhamishwa wakiwa hai!

Upande wa magharibi mwa England serikali iliwahi kukubali itazamwe. Mwaka 2013, huko Somerset na Gloucestershire, wapiga bunduki wenye leseni walianza kuwaua beja, wanyama wa jamii ya nyegere, kwa hoja ya kuzuia kifua kikuu cha ng'ombe. Jopo huru la wataalamu lilipewa kazi ya kupima, pamoja na mengine, iwapo wanyama hao walikufa upesi. Kwa maoni ya jopo, wanaobaki hai dakika 5 baada ya kupigwa risasi hawakupaswa kuzidi asilimia 5. Ripoti yake ya 2014 ilikadiria kuwa walikuwa kati ya asilimia 7.4 na 22.8.

Mauaji yaliendelea mwaka huohuo. Jopo halikuitwa tena. Aliyeshika saa ndiye aliyeondolewa, na kazi ya kutazama ikabaki mikononi mwa taasisi za serikali yenyewe. Ni vigumu kuamini kuwa ilitokea hivyo tu. Kufikia 2023, beja zaidi ya 200,000 walikuwa wamekwisha uawa.

Mkazi wa Stratford akimlipa mtu wa kutega, mbweha hukutwa kizimbani alfajiri, na sheria humtaka mtegaji ammalize bila kumtesa. Wanaoshuhudia ni wawili, naye mmoja wao amelipwa. Baada ya muda mfupi mbweha mwingine huingia bustani ileile, akapekua taka zilezile.