Makamasi na Rangi Zake

Sisi wa halmashauri twaomba masikio yenu kwa jambo ambalo wengi huona haya kulitaja, nalo ni makamasi.

Mafua yaanzapo, makamasi huwa mepesi kama maji. Baada ya siku mbili tatu huwa mazito, kisha ya manjano au kijani. Hapo ndipo wengi wetu hukimbilia dukani kununua vidonge vya rangi mbili. Kumbe rangi ile yatokana na askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu, zilizo na kitu chenye chuma ambacho ni cha kijani. Mafua huletwa na virusi, na dawa za kuua bakteria haziviwezi hata kidogo. Fedha hupotea, na bakteria huzoea dawa.

Mwenye mzio wa vumbi, makamasi yake hubaki maji, pua na macho humwasha, wala hana homa.

Mafua yakipita siku 10 bila nafuu, mgonjwa na aonwe na daktari. Mtoto apumuaye mbio huku mbavu zikibonyea ndani, apelekwe hospitali usiku huo huo, pasingojewe kuche.